Dafu ambalo sikulikata

"Mdogo wangu, ukifika pale dirishani we sema ulikuwa unakata dafu nyumbani, panga likateleza. Basi. Mengine niachie mimi."

Hayo maneno foremani wetu aliniambia ndani ya bajaji, mkono wangu wa kushoto umeviringishwa kwenye fulana yake mwenyewe, damu inachuruzika mpaka kwenye raba, na niseme ukweli sikumuona mbaya kabisa. Mtu kavua fulana yake, kaja na mimi hospitali kifua wazi ovaroli kaifunga kiunoni, njia nzima kutoka Vingunguti kanishika bega ananiambia usiangalie, usiangalie. Ningemuonaje mbaya? Nikawa naitikia tu. Dafu. Panga. Sawa kaka.

Ilikuwa Machi 2023. Karakana yetu ilikuwa inatengeneza makabati, vitanda, milango, mninga na mkongo kwa wingi, afu na zile mbao za kubandika siku hizi kila mtu anataka jikoni kwake. Tulikuwa watu kama 20, nusu vibarua wa siku kwa siku, ingawa hiyo "siku kwa siku" yangu mimi ilikuwa imefikisha miaka minne. Mashine iliyonila ni ya kuranda. Zile mashine huwa zina kibati kinachofunika visu, ukisukuma ubao kinajisogeza chenyewe kidogo kidogo, kinafunua pale tu ubao unapopita. Chetu kilikuwa kinakwamakwama, bosi akasema kinachelewesha kazi, kikafunguliwa kikawekwa juu ya kabati la vipuri na kikawa kinatumika kuwekea misumari, yaani kwa miaka miwili tulikuwa tunachota misumari kwenye kitu kilichotakiwa kutulinda vidole. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka, mkono ukaenda ulikoenda. Wala hauumi pale pale. Kwanza unaona, ndo baadae unaumia. Kidole cha mwisho kilienda chote, cha pete kilibaki nusu, cha kati kilipoteza ncha.

Haya, dirishani. Dada wa mapokezi akauliza, "Pole kaka, umeumia na nini na ulikuwa wapi?" Foremani yuko nyuma yangu nasikia pumzi yake. Nikafungua mdomo, nikasema nilikuwa nakata dafu. Yule dada akaniangalia kichwani, akaniangalia nyusi, akaniangalia mikono, na mimi mzima nimejaa vumbi la mbao kama mtu aliyemwagiwa kiroba cha sembe. Akaweka kalamu chini. "Dafu gani hilo kaka linatoa vumbi la mbao?"

Sijui ni maumivu au ni aibu, nikacheka, kicheko kikageuka kilio, nikamwambia nilikuwa kazini, mashine ya kuranda, saa nne na robo asubuhi. Akaandika hivo hivo. Kazini, mashine ya kuranda mbao, saa 4:15. Foremani akatoka nje kwenda kupiga simu.

Huo mstari mmoja wa yule dada ndo umenifanya leo niandike yote haya, maana kila kitu nilichopata baadae kilisimama juu yake. Na tangu nianze kusimulia nimekutana na watu wengi sana waliokubali dafu lao. Mmoja alianguka bafuni. Mwingine aligongwa na bodaboda ambayo haijawahi kuwepo. Mwingine mlango wa nyumba yake mwenyewe ulimbana. Ukisikiliza hospitali zinavyoelezwa unaweza kudhani viwandani Dar hakuna anayeumia, wote wanaumia majumbani kwao jioni.

Kwanini wanataka useme dafu? Mimi nilidhani bosi anaogopa kulipa. Kumbe akifuata utaratibu hata halipi yeye, na hapo ndo nilipochanganyikiwa. Huku Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wengi wanaujua kama WCF, upo kwa sheria ya 2008 ila ulianza kazi Julai 2015. Kila mwajiri, wa serikali na wa binafsi, anatakiwa ajisajili na achangie kila mwezi kutokana na jumla ya mishahara anayolipa. Mwanzoni sekta binafsi walikuwa wanachangia asilimia 1, 2021 ikashuka 0.6, na toka Julai 2022 ni nusu asilimia, sawa na serikali. Nusu asilimia! Bosi mwenye mishahara ya milioni 6 kwa mwezi anatoa elfu 30. Elfu thelathini, ndugu zangu, hela ya chai na vitumbua ya karakana nzima kwa siku chache. Na anaitoa yeye mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti, kwa hiyo kama kwenye slipu yako kuna makato yameandikwa WCF hapo unaibiwa mchana kweupe, kaulize.

Sasa ukishaumia mfuko ndo unabeba matibabu na fidia. Bosi hapaswi kutoa mfukoni. Anachoogopa ni maswali. Kwanini kibati kiliondolewa, kwanini umeandika wafanyakazi wanane na hapa wapo 20, kwanini huyu umemuandika mshahara nusu. Dafu linafuta maswali yote hayo kwa mpigo.

Na kuna kitu kingine kilichonishangaza, wala hawaulizi nani alikosea ili upate fidia. Mi nilikuwa nalala macho nikijilaumu, ningeusoma ule ubao vizuri ningeliona lile fundo, ningetumia kipande cha kusukumia badala ya mkono. Nilipoenda ofisini kwao nikaanza kujitetea kama niko mahakamani, kaka aliyenihudumia akanikatiza kwa upole akasema hapa hatutafuti mkosaji, tunataka kujua tu, uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi? Basi. Nilitoka pale mwepesi, nikawa kama nimetua gunia. (Sio kwamba unaweza kujikata makusudi ukalipwa, hapana, msije mkanielewa vibaya.)

Nimeruka mbele. Nirudi wodini.

Siku ya pili alikuja dada wa HR na bahasha. Ndani ya bahasha laki tano na karatasi moja iliyochapwa, imeandikwa kwa lugha ya kistaarabu sana, kwamba mimi fulani nimepokea "msaada wa kibinadamu" kutoka kwa mwajiri na sina madai mengine yoyote ya sasa wala ya baadae kuhusiana na tukio la tarehe fulani. Tukio. Hata neno ajali hawakuliandika. Mimi na dawa za maumivu kichwani naona laki tano tu, kodi ya nyumba inaisha mwezi huo. Nikaomba kalamu. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, kwa hiyo kisingizio sina.

Aliyeniokoa ni mama watoto. Alikuwa amekaa pembeni na chupa ya uji, akasema "Dada samahani, naomba niisome mimi kwanza maana baba watoto hajavaa miwani." Sijawahi kuvaa miwani maisha yangu yote. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kapu la uji, akasema tutaipitia nyumbani na wazee. HR akakasirika kidogo, akasema basi na hela nairudisha. Mama watoto akamjibu "Rudisha tu dada yangu, msaada wa kibinadamu hausainiwi." Niliona kama dunia inazunguka, laki tano inaondoka na visigino vinagonga sakafu ko ko ko mpaka mwisho wa kolido.

Jioni akaja shemeji yangu, dereva wa lori, na madereva kwa haya mambo wako mbele yetu sana maana wenzao wanapata ajali kila siku. Yeye ndo aliyenitajia WCF kwa mara ya kwanza nikiwa na akili ya kusikiliza. Mi nilikuwa nadhani ni mambo ya NSSF, na wengi bado wanachanganya. Hapana, NSSF ni mambo ya kustaafu na mengine, kuumia kazini ni mfuko wake peke yake. Na Zanzibar wana sheria yao, hii nayosema ni Bara.

Shemeji akaniambia mambo ambayo nayaandika hapa kama alivyosema, mengine nimeyahakikisha mwenyewe baadae. Kwamba ukiumia umwambie mwajiri mapema iwezekanavyo, na usiishie kusema kwa mdomo, tuma meseji, ili iwe na tarehe na saa. Mimi nilikuwa nimelala pale bado na sindano mkononi akanishikia simu nikamtumia bosi meseji ya mistari miwili, "Bosi shikamoo, naendelea na matibabu ya vidole nilivyoumia jana kwenye mashine ya kuranda saa nne asubuhi." Bosi akajibu "Pole sana kijana Mungu akuponye." Umeona hapo? Hakukataa. Lile jibu lake la pole lilikuja kuwa ushahidi, maskini mzee wa watu, adabu yake ndo ilimponza.

Mwajiri akishajua ana siku 7 za kutoa taarifa kwenye mfuko. Saba tu. Na mfanyakazi, au ndugu zake, wasibweteke wakisubiri, maana dai likikaa zaidi ya miezi 12 tangu siku ya ajali bila kufikishwa kule linakufa. Miezi 12 inaonekana mingi ukiwa mzima. Ukiwa unauguza kidonda, unazungushwa "njoo Jumatatu", HR yuko likizo, bosi yuko China kununua mashine, unashtukia mwaka umekwisha. Kuna mtaani kwetu mama mmoja, mumewe alianguka kutoka kwenye jengo wanalojenga, akafariki. Kampuni ilileta jeneza, turubai na ubani wa laki tatu, watu wakasifia wee, kampuni ina utu hii. Hakuna aliyemwambia yule mama kwamba mfuko una msaada wa mazishi, na mjane na watoto wana malipo yao kila mwezi. Amekuja kusikia mwaka wa pili. Huwa namuona anauza maandazi pale kituoni na sijawahi kujua nimwambie nini zaidi ya shikamoo.

Siku ya tisa nimetoka hospitali, bandeji kubwa kama glovu ya ngumi, shemeji akanipeleka ofisi za WCF. Nilikuwa nimebeba mfuko wa rambo: karatasi za hospitali, kitambulisho cha NIDA, picha za daftari la mahudhurio ambazo rafiki yangu alipiga kwa siri, majina ya wenzangu wawili waliokuwa mashine ya pembeni. Mkataba sina, sikuwahi kupewa. Hapo nikajua nimekwama. Kumbe mkataba wa mdomo nao ni mkataba, kibarua anayefanya kazi za biashara ya mwajiri naye ni mfanyakazi kwa sheria hii, alipwe kwa siku, kwa wiki au kwa idadi ya makabati. Yule kaka wa pale akaniuliza tu unathibitishaje kwamba unafanya kazi pale na unalipwa kiasi gani?

Hapa sasa ndo nataka mnisikilize vijana wa karakana.

Sisi tulikuwa tunalipwa nusu mkononi nusu kwenye simu. Mi nilikuwa nalalamika sana hii ya kwenye simu kwa sababu ya makato ya kutolea. Kumbe ndo iliyonibeba. Nilienda kwa wakala mkuu nikaomba taarifa ya miamala ya mwaka mzima, kila Jumamosi jina la mhasibu wetu linaonekana pale na kiasi. Ile ya mkononi, ambayo nilikuwa naifurahia, hamna mtu anayeijua isipokuwa mimi na Mungu. Na fidia inahesabiwa kutokana na mshahara wako, ukiwa nyumbani huwezi kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, inaweza kwenda hadi miezi 24. Asilimia 70 ya kipi? Ya kile kinachoonekana. Mtu analipwa 400,000 kweli, anatakiwa apate 280,000. Ila kama bosi alimuandika 200,000 ili apunguze michango, kazi ipo, utaanza kubishana unauguza. Bosi wangu alikuwa amejisajili, hilo namshukuru, lakini mimi alikuwa ameniandika karibu nusu ya nachopata. Ilichukua muda kurekebisha, na kwa ile sehemu ya mkononi sikufua dafu. (Aha, dafu tena.)

Kuhusu tathmini ya ulemavu. Wiki ya tatu nilirudi na haraka zangu nataka nipimwe nijue nalipwa ngapi, wakaniambia bado, kidonda hakijafunga, nyuzi juzi tu zimetolewa, tathmini inafanyika ukishapona kwa kiwango ambacho huwezi kupona zaidi ya hapo. Nilichukia. Nilidhani wananizungusha. Baadae nikaelewa maana mpaka mwezi wa nne kile kidole cha pete kilikuwa hakikunji, mazoezi ya fiziotherapi yakakirudisha kidogo, sasa wangenipima siku ile wangeandika picha ya mtu ambaye sio mimi. Anayepima ni daktari aliyefundishwa kazi hiyo, anakupima kidole kwa kidole, kifundo kwa kifundo, unakunja unakunjua, unashika kalamu, unashika kikombe. Inatoka namba, yaani asilimia ya ulemavu. Namba ikiwa 30 kushuka chini unalipwa mkupuo mmoja, mambo yameisha. Ikivuka 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Yangu ilikuja chini ya 30, nikapata mkupuo. Kiasi sitaji, mkwe wangu anasoma humu. Nilinunua kiwanja kidogo Chanika na cherehani ya mama watoto, mjue tu hivyo.

Wapo wanaoona ni kidogo kwa vidole vya mtu, na mimi siku zingine naona hivyo, hasa asubuhi ya baridi kile kidole kisichokuwepo kinapouma. Lakini mtaani kuna mzee mmoja alipoteza mkono zamani kiwandani, nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Enzi zake ilikuwa bado sheria ya mkoloni, na ile sheria ilikuwa na dari lake ambalo halikupandishwa wakati shilingi inashuka kila mwaka, ikafika mahali ulemavu wa kudumu mwisho shilingi 108,000 na kifo mwisho 83,000. Soma tena. Kufa kulikuwa bei chee kuliko kuumia. Mzee anasema fidia yake aliimaliza kwenye nauli za kuifuatilia.

Nirudi kwa HR, maana hajaisha. Nilipokuwa nyumbani alinipigia simu akasema zile siku natoa kwenye likizo yako ya mwaka. Likizo! Eti nilikuwa mapumzikoni. Likizo ya mwaka ni siku 28 na ni yako ya kupumzika, ugonjwa una likizo yake, siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili nusu ya pili mshahara nusu, na kama kuna mfuko unakulipa kwa ajili hiyo basi mwajiri halazimiki kulipa tena juu yake. Mimi sikuyajua kwa kichwa, nilimwambia tu dada naomba uniandikie hilo kwa barua. Hakuandika. Nimegundua hii sentensi ina nguvu za ajabu, "naomba uniandikie." Mambo mengi ya uonevu hayapendi karatasi.

Afu vishoka. Ukikaa pale nje ya ofisi za WCF na bandeji yako hukosi mtu wa kukuita pembeni, kaka nina mtu ndani, nipe asilimia kadhaa nikusukumie faili. Usitoe. Kudai ni bure, fomu ni bure, na siku hizi sehemu kubwa ya taarifa mwajiri anaziingiza kwenye mtandao. Ukiona uamuzi wao haujakaa sawa kuna kuomba mapitio na kukata rufaa, na ukianza hiyo njia pia huhitaji kishoka, unahitaji makaratasi yako na uvumilivu. Kama una chama cha wafanyakazi kazini kwako kitumie, sisi hatukuwa nacho.

Na kama umeumia ukiwa kwenye gari la kazi barabarani, usisahau taarifa ya polisi, faili bila hiyo litakaa. Shemeji ndo kasisitiza niandike.

Kuna swali naulizwa sana, je ukidai hutafukuzwa? Sitawadanganya, hofu ipo na ndo maana watu wanakata madafu. Mimi niliporudi nilikuta nimewekwa kufagia. Fundi wa miaka minne, fagio. Nikafagia wiki mbili nikiwa naandika tarehe kwenye daftari, kisha nikaomba kupelekwa kwenye msasa na vanishi, kazi ambayo naweza kwa mkono mmoja na nusu, foremani akanisemea kwa bosi, nikapelekwa. Angenifukuza ningeenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, pale ukifukuzwa una siku 30 za kulalamika, usikae nyumbani miezi mitatu unasikilizia. Migogoro mingine ni siku 60. Ila jueni aliye chini ya miezi 6 kazini kesi ya kufukuzwa isivyo halali inambana, sheria ya ajira haimlindi kwenye hilo. Fidia ya kuumia ni kitu kingine, hiyo hata siku ya kwanza kazini.

Nisisahau na magonjwa. Nilikuwa nadhani ni vidole tu na kuanguka. Yule fundi wa mashine kubwa ya kupasulia, miaka 15 anasikiliza ule mlio bila kitu masikioni, ukimwita kwa nyuma hageuki, watoto wake wanadhani baba ana dharau. Huo nao ni ugonjwa wa kazi na unadaiwa. Vumbi la mbao kifuani vilevile. Nimemwambia mara tatu aende akapimwe aandikiwe, anasema "Nikipimwa nitakuta nini, si nitakuta siskii?" Nimenyamaza.

Foremani na mimi tunasalimiana vizuri. Siku moja tukiwa tunakunywa kahawa pale kwa muuza kashata akaniambia bila kunitazama, "Ujue mimi mwenyewe 2016 nilikata dafu." Akanyoosha mguu, akapandisha suruali, kovu refu kama reli kutoka kwenye ugoko hadi kwenye kifundo. Alilipwa elfu themanini na kilo tano za sukari. Wakati huo mfuko ulikuwa una mwaka mzima unafanya kazi, hakuna aliyemwambia, na yeye aliponiambia mimi niseme dafu aliona ananipitisha njia aliyopita yeye, njia anayoijua. Kibati cha mashine kimerudishwa siku hizi. Walikuja wakaguzi wa usalama mahali pa kazi, bosi akakitoa misumari akakifunga siku moja kabla.

Jumanne iliyopita saa tatu usiku nimepigiwa simu na namba nisiyoijua. Kijana, sauti inatetemeka, kapewa namba yangu na mtu, yuko njiani anapelekwa hospitali, mkanda wa mashine umemvuta mkono, na msimamizi wake kamwambia aseme kaanguka kwenye ngazi za kwao. Wala kwao hakuna ngazi, anasema, tunaishi Mbagala nyumba ya chini.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ushafika dirishani?"

"Bado kaka. Kuna watu wawili mbele yangu."